Mama Kigoda, Aliyesimama Langoni

Alizaliwa langoni, na langoni ndipo alipomrudishia Mungu roho yake. Mama yake mzazi alikuwa mfungaji wa sabuni katika kiwanda kikubwa cha mji, na siku ile ya mwezi wa Novemba, mvua ikiwa haijakata tangu alfajiri, uchungu ulimshika akiwa kazini mbele ya mkanda unaosafirisha sabuni. Akamwomba msimamizi wa zamu ruhusa ya kutoka. Msimamizi akamjibu kwamba amalize kwanza kreti lililo mbele yake. Akalimaliza. Alipofika langoni miguu ikamwishia nguvu, na mlinzi wa lango, mzee mkali ambaye hata mbwa wa mtaa walimkwepa, akainuka kwenye kiti chake cha mbao, akamketisha mle kibandani, kisha mwenyewe akatoka nje kunyeshewa. Mtoto alizaliwa humo, juu ya koti la mlinzi, katikati ya funguo na taa ya mkono. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, hicho ndicho kiti pekee ambacho mama yule alikikalia ndani ya uzio wa kiwanda.

Baba yake alikuwa seremala wa kutengeneza milango ya watu, na kwake mwenyewe mlango ulikuwa wa kuegesha, kama ilivyo ada ya mafundi. Lakini baada ya uzazi ule aliona haya, akakusanya masalio ya mbao akamtengenezea mkewe kigoda cha miguu mitatu. Mguu mmoja ulitoka mfupi. Mkewe akamtania kwamba hata kigoda chake kimelewa, akasema hakibadilishi. Wala hakukitumia kukalia. Kila alipotoka zamu alijitupa kitandani, na kazi ya binti yake ilikuwa kumsogezea kigoda hicho ili ainulie miguu iliyovimba, kisha kumkanda mpaka apate usingizi. Katika saa hizo mtoto alifundishwa adabu zote alizozijua maishani. Mojawapo ilikuwa hii: "Ukikaribishwa kiti, mwanangu, kaa. Anayekataa kiti amemtukana mwenye nyumba." Msomaji ashike maneno hayo, maana yalikuja kumliza.

Wapo wanaopenda watakatifu waliofunga na kusali tangu wakiwa wananyonya. Huyu wetu hakuwa hivyo. Alikuwa mtoto wa kucheka ovyo kanisani, na sauti yake ya kuimba ilikuwa ya bati linalokwaruzwa, hata mwalimu wa kwaya akamsihi kwa upole awe anafungua mdomo tu, wimbo awaachie wenzake. Alifungua mdomo tu miaka yote ya ujana wake. Alipata ubatizo, komunyo na kipaimara kama wenzake, na alipofikia umri wa kuajiriwa alikwenda kusimama kwenye mkanda uleule, upande uleule wa mama yake, ambaye kwa wakati huo miguu ilikuwa imekwisha kumzika kabla ya kifo. Aliolewa na fundi wa tanuri la kuchemshia sabuni, mtu mpole mwenye kucheka kwa macho. Wakajaliwa binti mmoja. Binti hajaanza shule, bomba la magadi ya moto likapasuka, na yule mume akaletwa nyumbani akiwa amefunikwa. Mwaka huohuo kampuni iliipa parokia yetu mabenchi mapya ya kanisa, ya mbao ngumu yenye migongo, kila moja likiwa na kibati cha shaba chenye jina la kampuni. Paroko aliyabariki. Waamini waliokuwa wakikalia matofali walipiga vigelegele, na mjane akaketi pamoja nao akamshukuru Mungu.

Yafaa kueleza kiwanda kile kilikuwaje, maana bila hivyo mateso yake hayaeleweki. Ukumbi wa kufungia ulikuwa mrefu, sakafu yake ikiteleza kwa povu, na wanawake walisimama pande mbili za mkanda tangu zamu inaanza mpaka inakwisha, wakivisha kila kipande cha sabuni karatasi yake. Kiti hakikuwamo. Wakubwa walishaamua kwamba mtu aliyeketi hupungua kasi. Juu ya ukumbi palikuwa na ofisi ya vioo, na ukiinua shingo uliwaona wao wenyewe wakizungushwa na viti vyao, huku na huku, kama watoto kwenye pembea. Kampuni ndiyo iliyokuwa na kota walimolala wafanyakazi, zahanati walimotibiwa, na bomba walilochotea maji. Ukigombana na kiwanda umegombana na paa, dawa na ndoo yako. Kwa hiyo watu walinyamaza. Mwenye nguvu mpishe, walisema, na wakampisha.

Binti alikua, naye akaingia ukumbini, akapangiwa zamu ya mchana wakati mama yake ana ya asubuhi. Aliolewa na dereva wa lori la mizigo. Mimba yake ya kwanza iliharibika mbele ya mkanda. Wanawake wakamfunika kwa kanga zao, mkanda ukaendelea kwenda, na sabuni zikadondoka mwisho wake bila karatasi mpaka msimamizi akafoka. Zahanati ya kampuni ikasema ni mapenzi ya Mungu. Alipopata mimba ya pili, mama yake alianza kuhesabu hofu badala ya miezi. Alimwendea msimamizi wa zamu, akamwomba kwa mikono miwili kiti kimoja tu, hata ndoo iliyogeuzwa, kwa ajili ya mtoto wake. "Mama, kiti kinaleta usingizi," msimamizi akamwambia. "Leo nikimpa wako, kesho watataka mto."

Wito ulimjia Jumapili iliyofuata, na ulimjia akiwa amekasirika. Injili ya siku hiyo ilisimulia jinsi Bwana alivyoulisha umati nyikani. Alikuwa ameisikia tangu utotoni, na kila padre alihubiri juu ya mikate. Safari hii hakusikia mikate. Alisikia kwamba kabla ya kuimega, Bwana aliamuru watu waketishwe kwenye majani. Aliwaketisha kwanza. Akalirudia neno hilo moyoni, halafu mkono wake ukagusa kile kibati cha shaba kwenye benchi la mbele yake, akalisoma lile jina. Siku zote za kazi wanasimamishwa, Jumapili ya Mungu wanaketishwa, na anayewafanyia yote mawili ni mtu mmoja. Akainuka katikati ya mahubiri, akaenda kusimama ukutani. Watu wakadhani amepatwa na tumbo.

Jumapili ya pili alikuja na kigoda cha baba yake kichwani. Akakiweka kwenye njia ya katikati, sambamba na mabenchi, akakikalia, kikayumba kama kawaida yake. Paroko alikuwa mtu mzuri, mwoga kidogo, mwenye paa linalovuja na ahadi ya kampuni ya kuliziba. Baada ya misa alimwita pembeni.

"Mama, mabenchi yamejaa tele. Unanitia aibu mbele ya wageni."

"Nisamehe, Padre. Yale yana mwenyewe."

"Mwenyewe ni Mungu."

"Mungu hajasimamisha mtoto wangu mkandani," akasema, akajitwika kigoda chake.

Ndipo mji ukampa jina ambalo mpaka leo linatajwa kwenye sala, Mama Kigoda. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli. Lakini Jumapili baada ya Jumapili wafungaji wa sabuni walianza kufika kila mmoja na cha kwake. Huyu kigoda, yule ndoo, mwingine kreti la soda, bibi mmoja alikuja na kinu akakigeuza juu chini. Njia ya katikati ikajaa mpaka watumishi wa altare wakawa wanapita kwa kuruka. Mabenchi yakabaki matupu, na mke wa Mkurugenzi wa kampuni, ambaye hakukosa misa, akawa anaketi peke yake kwenye safu ndefu zinazong'aa. Tunasikia kwamba alilia siku moja. Hatujui kwa sababu gani.

Kutoka kanisani walikwenda langoni. Hakuna aliyetangaza. Misa ilipokwisha, Mama Kigoda alijitwika kigoda chake akashika njia ya kiwandani badala ya njia ya nyumbani, nao wakamfuata. Wakaketi mbele ya lango, kimya, wakitazama ndani. Waliulizwa wanataka nini, wakajibu wanataka viti ukumbini, basi. Wiki iliyofuata walikuja pia siku za kazi, wale wa asubuhi baada ya zamu yao, wale wa mchana kabla ya yao. Wakaja wapakiaji, wakaja wanafunzi, mwenye duka, fundi cherehani, watu ambao hawakuwahi kufunga hata sabuni moja lakini walikuwa na bomba lilelile na kodi ileile ya kota. Ikawa mbele ya lango kuna kijiji cha watu wafupi. Sheria yao aliiweka yeye, nayo ilikuwa fupi kuliko katekisimu: hainuki mtu akitukanwa, harushi mtu kitu. "Ukiona mkono unakuwasha," aliwaambia, "ukalie."

Siku askari walipoletwa, waliwabeba mmoja mmoja na vigoda vyao mpaka ng'ambo ya barabara. Wenyewe wakasubiri wabebwe wote, wakainuka, wakarudi mahali pao. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya mpakiaji mmoja, baba wa watoto, aliyetiwa kofi na askari. Alirudi na jiwe la ukubwa wa mkate amelificha chini ya shati, macho yamemwiva. Mama Kigoda akamwona. Akanyoosha mkono kama anayepokea chai.

"Lete, mwanangu. Umejuaje? Kigoda changu kinayumba tangu nizaliwe."

Akalichukua jiwe, akalitia chini ya ule mguu mfupi, akajaribu kukaa, kikatulia. Watu wakacheka mpaka askari mmoja akageuka kuficha uso wake. Mpakiaji alicheka pia, kisha akalia. Tangu siku hiyo jiwe lile halikutoka langoni.

Wiki zikapita hivyo, na mimba ya binti ikakua. Kila zamu ya mchana ilipoingia, mama na binti walipishana pale langoni, na mama alimshika tumbo mwanawe mbele ya watu wote akamwuliza mjukuu kaamkaje. "Anakusalimu," binti alijibu. "Anauliza kiti kiko wapi." "Mwambie kinakuja." Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake siku zote hizo. Wengine walitaka viti na nyongeza ya mshahara, wengine walitaka kampuni iache kuushika mji koo, naye aliwaunga mkono wote. Ila alipofumba macho kusali, aliona mkanda, na mwanawe amesimama mbele yake.

Sasa tufike pagumu. Waandishi wengine wa maisha yake hulipita haraka jambo hili, na mmoja ameliacha kabisa. Sisi hatutaliacha, maana utakatifu wake umeanzia hapo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Julai, saa za alasiri, lango likafunguka lote. Akatoka Mkurugenzi mwenyewe, bila walinzi, mikono wazi, anatabasamu. Nyuma yake vibarua walibeba viti. Vilikuwa viti vizuri vyenye migongo na mito miekundu. Wakafunga turubai la kivuli, wakavipanga safu kwa safu, wakaleta maji ya baridi. Waandishi wa habari nao walikuwapo, ingawa hakuna aliyejiuliza nani kawaita. Mkurugenzi akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Mama Kigoda, akainama, akasema kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri:

"Mama yangu, umekaa vibaya siku nyingi. Tumewasikia. Karibu kiti."

Watu wote wakamtazama yeye. Mlinzi wa lango, mtoto wa yule mlinzi wa zamani, anasema alimwona akikitazama kigoda chake, kisha kile kiti. Alikuwa amechoka. Alikuwa na furaha. Na juu ya hayo alikuwa amelelewa vizuri. Moyoni alimsikia mama yake akisema kitandani, miguu juu ya kigoda, kwamba anayekataa kiti amemtukana mwenye nyumba. Na huyu hapa mwenye nyumba ameinama. Uungwana ni kitendo. Akasimama kutoka kwenye kigoda cha baba yake, akaketi kwenye kiti chenye mto mwekundu, akasema "ahsante, baba". Na kwa kuwa yeye ameketi, wakaketi wote.

Picha zikapigwa. Vibarua wakapita kwa adabu wakikusanya vigoda, ndoo na makreti, eti wavitunze visikanyagwe, wakavipakia kwenye toroli, vikaenda ndani. Jioni lori likaja kuchukua viti vyenye mito, maana vilikuwa vya kukodi, vya sherehe, na kesho yake vilikuwa na harusi. Vile vigoda viliishia kwenye tanuri, lile lile alilolihudumia marehemu mumewe. Fundi wa zamu alikitambua kigoda cha miguu mitatu kilipopita mbele yake, akasita, akasukumwa. Asubuhi magazeti yakaonyesha wafanyakazi wameketi wakinywa maji, chini yake imeandikwa kwamba kampuni imetimiza ombi la viti. Kabla ya wiki kwisha mahakama, ikionyeshwa picha hizo, ikaamuru kwamba kwa kuwa ombi limetimizwa, ni marufuku kwa yeyote kuketi tena mbele ya lango lile. Mama Kigoda aliachishwa kazi. Ndani ya ukumbi hakikuwa kimeingia hata kiti kimoja. Langoni lilibaki lile jiwe, kwa sababu jiwe haliungui.

Mwezi wa Agosti binti alianguka mbele ya mkanda. Mtoto alikuwa wa kiume, alikuwa ametimia viungo vyote, na hakulia. Mama alikimbia mpaka zahanati, akaingia wodini akiwa na viatu mkononi. Binti alikuwa ameelekea ukutani. Alisema bila kugeuka:

"Nilikuona kwa dirisha, mama. Walikupa kiti ukakaa. Mimi nilikuwa ndani nimesimama."

Mama hakujitetea. Wapo waliomwambia kwamba asijilaumu, kwamba alidanganywa, kwamba mtu mwema hudanganyika kirahisi. Aliwasikiliza, akawajibu kwamba hayo ni kweli na mtoto amekufa. Alipotoka pale wodini hakuketi tena. Si maneno ya kupamba. Hakuketi kwenye kitanda, hakuketi chini, hakuketi kanisani. Alikula amesimama. Usingizi aliupata akiwa ameegemea ukuta au amelala chali, na alipoamka aliinuka moja kwa moja kwa miguu yake. Na kila siku, zamu ya asubuhi ilipoingia, alikuwa langoni kando ya lile jiwe, amesimama, anatazama ndani. Askari walikuja na amri ya mahakama, wakaisoma, wakaona inakataza kuketi. Wakamwacha.

Alisimama peke yake. Hatupendi kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Waliomfuata walikuwa wamevunjika moyo, wengine walikuwa na hasira naye, na wote walikuwa na kota na ndoo. Watoto walimwimbia, "Mama Kigoda, kigoda kiko wapi?" Paroko alipita barabara ya pili. Mvua ya Novemba ikampiga, jua la Januari likamchoma, na miguu yake ikaanza kuvimba kama ya mama yake. Kampuni ilimwacha hapo kwa sababu mtu mmoja si maandamano. Lililomuumiza kuliko yote ni saa ya kupishana, binti yake alipopita kuingia zamu. Alipita akitazama mbele, kama anayempita mlingoti wa taa. Mama alisogea hatua moja kumpisha njia. Hakumwita hata mara moja.

Mlinzi wa lango ndiye pekee aliyemsemesha. Siku moja alishindwa kuvumilia, akatoa kiti kibandani, kilekile cha mbao alichokirithi kwa baba yake, akakiweka nyuma yake.

"Mama, hiki ndicho alichokalia mama yako siku ya kukuzaa, baba alinisimulia. Mimi si kampuni. Kaa kidogo tu, nani atakuona?"

Alikigeukia, akakipapasa mgongo wake kama anayempapasa mzee aliyemfahamu. Kisha akasema maneno ambayo leo yamechorwa juu ya mlango wa kanisa letu:

"Kitangulize ndani. Nami nitakaa."

Ulikuwa umepita mwaka na zaidi, Kwaresima imeingia, alipoanza kufa. Miguu ilikuwa imepasuka, viatu havimwingii, amefunga vitambaa. Siku ya Jumatano, zamu zikipishana, aliyumba. Mlinzi akaruka, lakini aliyemfikia kwanza alikuwa binti yake, aliyekuwa akiingia. Akamdaka kwapani. Wale wanawake waliokuwa nyuma yake wakasimama, kisha wale waliokuwa wakitoka wakasimama pia, na kengele ya zamu ikalia bila mtu kuingia. Mlinzi akaja mbio na kiti chake.

"Kaa, mama," binti akamwambia. "Basi. Imetosha. Kaa."

Mama akamtazama. Wanasema uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka sana kutii.

"Vimeingia?"

Binti angeweza kumdanganya. Nani angemlaumu? Mwanamke mmoja wa pale alimfinya amdanganye. Lakini alikuwa binti wa mama yake, na uongo wa viti ulikwisha kumzika mwanawe.

"Bado, mama."

"Basi nishike."

Akamshika. Mwingine akamshika upande wa pili, wengine wakasukuma mabega yao nyuma ya mgongo wake, mpaka ukawa hujui nani amesimama na nani anasimamishwa. Akatoa mkono wake wenye makovu ya magadi, akamshika binti yake tumbo, mahali pale alipokuwa akimshika zamani. Alikata roho hivyo, amesimama, katikati ya watu, kwenye lango alipozaliwa. Hawakumlaza mpaka paroko alipofika kumpaka mafuta. Alifika akikimbia, bila stola ya kipadre shingoni, na alipomwona alivyoshikiliwa akapiga magoti kwenye vumbi.

Mazishi yake yalifanyika Ijumaa. Kanisa lilijaa mpaka nje, na mabenchi yalikuwa matupu, kwa sababu hakuna aliyekubali kuketi. Paroko alipanda kuhubiri, akayatazama yale mabenchi matupu. Akashuka, akaenda kwenye benchi la mbele, akashika upande mmoja, akawatazama waamini. Wapakiaji wakaelewa kabla ya wengine. Jeneza likatangulia, mabenchi yakafuata mabegani mwa watu, yote, barabara nzima. Walipofika langoni wanawake wa zamu ya mchana wakayapokea wakaingia nayo ukumbini, wakayapanga pande mbili za mkanda, wakaketi, wakaanza kufunga sabuni. Wasimamizi waliita askari. Askari waliinama, wakasoma vibati vya shaba, wakauliza ni kosa gani kukuta mali ya kampuni ndani ya kampuni. Juu kwenye vioo viti vilikuwa vimeacha kuzunguka.

Tusimdanganye msomaji kwamba hapo yote yakawa mema. Paroko alihamishwa kabla ya Pasaka, akafia parokia ya mbali. Wanawake kadhaa walifukuzwa. Kampuni ilijenga ukumbi mwingine mkubwa zaidi nyuma ya ule wa zamani, wenye mikanda ya kasi, na humo viti havimo mpaka leo. Paa la kanisa bado linavuja. Miujiza inasimuliwa, na Kanisa halijatamka lolote juu yake. Lile jiwe liliokotwa na mlinzi, sasa liko mlangoni mwetu, na wanawake wanaotoka zamu huja kuinulia miguu yao juu yake. Wengi wanasema uvimbe hushuka. Binti yake, ambaye alikuja kujaliwa mtoto wa kike akiwa amekwisha kukata tamaa, analipangusa jiwe kila Jumamosi. Akiulizwa habari za muujiza hujibu kwamba mama yake alikuwa akikanda miguu ya bibi tangu mtoto, na labda hajaacha.

Mabenchi hayakurudi. Waamini wa parokia yetu huja na vigoda vyao, na siku ya kumbukumbu ya kifo chake ibada ina desturi moja isiyo kwenye kitabu chochote. Baada ya Injili padre haashirii watu wakae. Tunawangoja wale wa ukumbi wa pili, ambao zamu yao hukwisha kwa kuchelewa. Wanaingia wakinuka magadi, wanawake kwa wanaume, wanatafutiwa pa kukaa, na wao wakishaketi wote ndipo nasi tunaketi. Wageni hunong'ona kwamba miguu inawauma. Wazee wa kanisa huwaambia kwamba hayo ndiyo mahubiri. Na kwa anayetaka kumwiga Mama Kigoda katika maisha yake, hakuachiwa sala ndefu wala mfungo mgumu. Aachane na adabu ile ya kale kwa kiasi alichoachana nayo yeye. Akikaribishwa kiti, hata kama ni kizuri, hata kama mwenye nyumba ameinama, ageuke kwanza atazame ndani, ni nani bado amesimama.